Debe la Saba

Chipu niliinunua Mwanjelwa kwa fundi redio,
akanifungia kwenye gazeti kama andazi.
Kitufe nilikinyofoa kwenye king'amuzi kilichokufa.
Nia yangu ilikuwa fupi:
debe moja, bonyezo moja;
yakifika sita, taa nyekundu iwake,
gunia lishonwe,
na lumbesa ikome hapa Isyonje,
angalau kwenye viazi vya shangazi Tusekile.

Usiku wa kwanza kilihesabu peke yake.
Tatu. Kumi na moja. Arobaini.
Mikono yangu ilikuwa kwapani, kwa baridi.
Nililaumu ukungu. Nililaumu umeme.
Nikamlaumu na paka.
Kumbe pini niliiacha bila kuifunga popote,
nayo pini isiyofungwa ni ndama asiye na kamba:
hana nia mbaya, anafuata tu majani,
leo shamba la Mwakipesile, kesho la kanisa.
Rezista yenyewe imo ndani ya chipu, imelala;
ni neno moja tu la kuiamsha.
Sikulijua neno hilo hadi jogoo wa pili.

Ikafungwa. Ikatulia. Ikawa kinyume:
ukibonyeza inasema sifuri,
ukiacha inasema moja.
Kama Ikupa, mdogo wangu,
ambaye akiwa mzima analalamika mchana kutwa,
na siku anapoumwa kweli, kimya.
Nikajifunza kusoma kimya.

Kosa la tatu naona haya kulisimulia.
Nilibonyeza mpaka kucha ikauma,
hesabu haikusogea hata nukta.
Siku tatu nilipita juu ya mstari uleule
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.
Ni Ikupa aliyeinama, uji mkononi:
"Kaka, mbona hapa kialama kimoja na kule viwili?"
Alama moja ya sawa ni amri.
Mbili ndiyo swali.
Nilikuwa nakiambia kitufe, sikuwa nakiuliza,
nacho kikanyamaza
kama anavyonyamaza yeyote aliyejibiwa kabla hajasema.
Uji ulipoa. Sikumshukuru. Nilimwambia, "Umechoka, kalale."

Jumamosi, sokoni, mbele ya watu:
shangazi akamwaga debe, akabonyeza,
kifaa kikasema nne.
Debe la pili, taa nyekundu!
Gunia limelegea kama soksi
na mashine yangu inaapa limejaa.
Wapakiaji walicheka wakashikilia turubai.
"Kijana, kitufe chako nacho kinafunga lumbesa!"
Shangazi alicheka kuliko wote, akakaa chini kwenye matope.

Walisema kweli. Chuma hakitui mara moja;
kinadunda, mvua ya mawe juu ya bati,
na chipu, yenye masikio makali kuliko yetu,
inahesabu kila mdundo.
Dawa yake: ukisikia, subiri milisekunde hamsini,
halafu uliza tena.
Na kidole kilicholala juu ya kitufe usikihesabu;
hesabu kinaposhuka tu.
Hilo la mwisho lilinigharimu Jumamosi nyingine,
maana shangazi hubonyeza kama anayegonga mlango wa mdaiwa,
na haondoi mkono.

Sasa kinahesabu. Moja ni moja.
Jumamosi iliyopita yakafika sita, taa ikawaka,
shangazi akashika sindano ya kushonea.
Kiwovele, mnunuzi, hakubisha.
Alisema taa ni nzuri sana, akauliza bei yake.
Kisha akaunga kipande cha wavu mdomoni mwa gunia
akamwaga debe la saba.
Kitufe hakuna aliyekigusa.
Kifaa kikabaki kwenye sita,
kwa ukweli wake wote.

Usiku huu naisoma programu toka mstari wa kwanza,
nafuatisha kwa kidole,
Ikupa ameshika tochi.
Hakuna kosa.
Nimerudia.
Hakuna.